Chumba Kilichogeuka Manjano

Nimepaka rangi milango ya watu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo nimekubali kosa mara mbili tu. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, na bosi alikuwa amesimama mbele yangu. Mara ya pili ndiyo hii.

Mtoto wetu ni mmoja, wa kike. Wateja wangu walimwita Kibrashi tangu akiwa na miaka minane, kwa sababu alikuwa habanduki kwangu, na alikuwa na brashi yake ndogo ya kupakia pembe ambazo mkono wangu haukuzifikia. Alipokua akawa fundi kamili, nami nikajivuna kwa kila mwenye masikio. Kisha akaenda kwenye mafunzo ya siku nne, akarudi na habari kwamba rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano ikipakwa kwenye mbao za ndani ya nyumba, na kwamba siku hizi mafundi wanatumia ya maji. Akayasema hayo mbele ya mteja. Nami, mbele ya mteja huyohuyo, nikamjibu kwamba rangi ya maji ni ya wavivu, na kama ameshanishinda ujuzi basi aende akafanye kazi kwingine.

Akaenda. Miaka sita. Kila Jumapili aliongea na mama yake kwenye simu, na kila Jumapili mimi nilikaa karibu nikijifanya nasoma gazeti.

Mwezi ule alioondoka nilikuwa nimetoka kumpakia chumba chake: mlango, kabati, mbao za chini ya ukuta, na ubao mpana unaozunguka dirisha. Nyeupe pee, ya mafuta, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Jioni ya siku aliyoondoka nilifunga pazia ili jua lisichakaze vitu vyake, nikatia kufuli ili vumbi na wageni wasiingie. Mke wangu aliniambia nikifungue mara mojamoja kipate hewa. Nikamwambia chumba hakina mapafu.

Jumanne iliyopita mke wangu alikata simu akanigeukia.

"Kibrashi anakuja Ijumaa. Siku mbili. Atalala gesti."

"Gesti? Nyumba hii ina nini?"

"Shangazi yake alimwambia umempangisha mtu chumba chake. Aliona kufuli."

Dada yangu hajapata kuona kufuli asilitungie hadithi.

"Si ungemwambia ni uongo!"

"Nimemwambia tangu mwaka juzi. Anadhani namtuliza tu. Anataka kulisikia kwako. Mpigie, Fundi."

"Nimpigie nimwambie nini? Aje aone mwenyewe."

Niliondoka pale nikiwa na hasira, lakini haikuwa hasira. Nilikuwa nimeumia. Mtoto wangu aliamini kwamba nimempa mtu mwingine kitanda chake, na aliamini hivyo kwa sababu nilikuwa baba wa kuaminiwa kufanya hivyo. Nikatafuta ufunguo, nikafungua kufuli, nikawasha taa.

Chumba kizima kilikuwa cha manjano. Mlango kwa ndani, kabati, mbao za chini, vyote vimekuwa kama meno ya mvuta sigara, na hakuna aliyewahi kuvuta sigara humo. Nikaitukana rangi, nikamtukana muuza rangi, kisha nikaenda kuchukua ile dawa ya kusafishia yenye harufu ya kutoa machozi, nikasugua mlango mpaka bega likaniuma. Asubuhi yake mlango ulikuwa umezidi kuwa manjano.

Ndipo nilipovuta pazia ili nione vizuri. Kwenye ule ubao wa dirisha palikuwa na mstari ulionyooka, juu mpaka chini. Upande wa kioo, nyuma ya pazia, rangi ilikuwa nyeupe kama siku nilipoipaka. Upande wa chumbani, manjano. Nikaelewa palepale, na sikupenda kuelewa. Giza ndilo lililokigeuza chumba. Nilikilinda mpaka nikakiharibu, na yule mtoto alikuwa amenieleza mapema.

Mtu mwenye akili timamu angepiga simu. Mimi nilikwenda dukani nikanunua kopo la nyeupe. La mafuta.

"Unaficha nini?" mke wangu akaniuliza.

"Sifichi. Natengeneza. Akija akikute kama alivyokiacha."

"Fundi, huyo mtoto haji kukagua mbao."

Sikumsikiliza. Kufikia Alhamisi mchana nilikuwa nimepiga msasa kabati lote, mlango na mbao za chini, zimebaki na mabaka ya kijivu. Ulibaki ubao wa dirisha tu. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya vumbi niliposikia sauti nyuma yangu.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa amewahi siku moja. Amenenepa kidogo, moyo wangu ukamshukuru Mungu, na ana miwani. Nilisema "Marahaba" nikiwa bado magotini. Akatazama msasa mkononi mwangu, akatazama kopo, akatazama mbao zilizokwanguliwa, na nikauona uso wake ukikunjamana.

"Ameondoka lini?"

"Nani?"

"Mpangaji wako. Naona unafuta alama zake kabla sijafika."

"Hapakuwa na mpangaji!"

Jibu lilitoka kwa kelele. Sikukusudia. Miaka sita nimepanga maneno, na neno la kwanza ninalompa linakuwa kelele.

"Sawa, baba," akasema taratibu. "Nimekuja kuwasalimu tu. Nitakuwa sebuleni na mama."

Akageuka. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Manjano yale ndiyo yaliyokuwa shahidi wangu, na mimi nimeshinda siku mbili nikiyakwangua.

"Ngoja," nikamwambia. "Tafadhali. Angalia dirisha. Angalia kama fundi, usiangalie kama mwanangu."

Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikisema tafadhali. Akarudi. Akavua miwani, akasogeza uso kwenye ubao, akapitisha kidole juu ya ule mstari, taratibu, kama nilivyomfundisha kupima ukingo wa rangi. Kisha akavuta pazia kulifunga. Ukingo wa kitambaa ukaangukia juu ya mstari, hakuna hata upana wa ukucha uliopishana. Akalifungua, akalifunga tena.

"Hili pazia halijaguswa," akasema. Hakuwa anasema nami. "Mpangaji gani anakaa chumbani asifungue pazia?" Akanigeukia. "Lilifungwa lini?"

"Jioni ile uliyoondoka."

"Na nani alikuwa akiingia humu?"

"Hakuna mtu. Hata mimi. Niliogopa kuingia."

Akakaa chini kwenye vumbi akalia, mikono usoni, mtu mzima, miwani yake mapajani. Nami nikakaa kando yake, magoti yakilalamika.

"Ulisema kweli juu ya rangi," nikamwambia. "Na mbele ya yule mteja nilikukosea. Nisamehe, mama."

Akafuta pua kwa kiganja. "Sema tena."

"Mwache mwenzio!" mke wangu akapaza sauti kutoka kwenye korido, ambako bila shaka alikuwa ameegesha sikio tangu mwanzo. "Akirudia mara mbili atalazwa!"

Tukacheka, sote watatu, yeye huku bado machozi yanamtoka. Kisha akanusa hewa, akanitazama kwa jicho la kazi.

"Baba, umesugulia nini huu mlango?"

Nikamwambia.

"Ile dawa ina amonia. Ndiyo inayoyazidisha manjano kabisa. Maji na sabuni laini yangetosha." Akaligeuza kopo akasoma. "Na mafuta tena?"

"Lilikuwa karibu na mlango wa duka."

Akaliweka kopo kando. Akaorodhesha kazi kwa vidole: tufute vumbi lote, tupake praima, ile rangi ya kwanza ya kuziba, ili manjano yasipenye, kisha nyeupe ya maji mikono miwili. Nilikuwa naitikia tu, kama mwanafunzi.

"Na ubao wa dirisha?" nikauliza. "Niupige msasa?"

"Huo usiuguse!" Akasema kwa haraka, kama mtu anayemzuia mtoto asishike moto. Kisha akapunguza sauti. "Rangi ya mafuta ikigeuzwa na giza, ukiipa mwanga hurudi kidogokidogo. Si yote. Acha pazia wazi, baada ya mwezi utaona."

"Mwezi ni mrefu."

"Ni mrefu," akakubali. Alikuwa akiutazama ule mstari. Kisha akainuka, akaita, "Mama! Shuka ziko wapi?"

"Humu mna vumbi la msasa," nikamwambia. "Lala sebuleni leo, kesho tutasafisha."

"Nilale sebuleni nami nina chumba?"

Mke wangu akaleta ufagio.