Majibu ya Mbeba Moto

Tangu alipojua kusema hakunyamaza tena, ndiyo maana ukoo mzima ulimwita Chiriku. Shangazi yake ndiye aliyempa jina hilo, nalo lilimganda hata walimu wakalisahau la kwenye cheti. Mdomo uliomponza utotoni ndio uliokuja kumlisha ukubwani. Akawa mtangazaji wa redio ndogo katika mji uliokaa miguuni pa milima. Redio yenyewe ilikuwa na studio moja, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na feni iliyozimwa kila kipindi kilipoanza, maana ilikoroma kuliko mgonjwa wa mafua.

Kipindi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Jumamosi mchana, cha masimulizi ya milimani. Kwa ajili yake alipanda vijijini na kinasa sauti begani, akakusanya hadithi, vitendawili, nyimbo za kulimia na bembelezi za watoto. Alikusudia zije kuwa kitabu. Lugha ya huko juu ilikuwa inakauka. Vijana waliposhuka mjini waliiacha njiani, kama mtu anavyotupa fimbo akishamaliza mteremko.

Lakini kazi yake ilikuwa na pengo katikati, na pengo lenyewe lilikuwa la nyumbani kwao.

Simulizi kuu la milima ile ni la Mbeba Moto, mwanamke aliyebeba makaa kwenye chungu, akavuka milima masika ya mvua kubwa, ili kuwaokoa watu wake waliokuwa wakifa kwa baridi upande wa pili. Kila akifika mtoni mlima humwuliza swali, na asipojibu hapiti. Basi simulizi hilo husemwa kwa sauti mbili: mwanamume huuliza maswali ya mlima, mwanamke hutoa majibu. Waliolijua lote walikuwa wamekwisha, wakabaki ndugu wawili waliofundishwa na mama yao. Mmoja alikuwa baba yake Chiriku, fundi seremala. Wa pili alikuwa dada yake mkubwa, yaani huyo shangazi, mkunga mstaafu aliyeolewa ng'ambo ya mlima.

Na hao wawili hawakuwa wakisemezana.

Ugomvi ulianza siku ya kumzika mama yao. Waliombwa walisimulie simulizi lile kaburini, wakaanza vizuri. Mvua ikaja. Waombolezaji wakawa wanatazama mawingu, wengine wameshafunika vichwa kwa kanga, na seremala akawaonea huruma. Alipofika mto wa mwisho, ambao jibu lake ni refu kuliko yote, aliliruka, akaenda moja kwa moja kwenye maneno ya kufungia. Dada yake alikuwa ameshavuta pumzi aanze. Akafunga mdomo, akaokota mwavuli wake, akasema mbele ya kadamnasi, "Umemzika mama nusu." Akaondoka. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa watu, nazo zilifika zimechacha.

Chiriku alianza na baba yake. Seremala alikaa kwenye benchi la karakana, maranda ya mbao yamemjaa kwenye nywele, akayasema maswali yote ya mlima mpaka mwisho. Binti alipomwomba na majibu, akatikisa kichwa.

"Hayo ni ya shangazi yako. Mimi siyajui yote, na hata ningeyajua nisingeyagusa. Kaombe kwa mwenyewe."

"Na akikataa?"

"Basi utakuwa na mlima unaouliza tu, kama polisi."

Chiriku akadandia lori la viazi, akavuka mlima. Alimkuta shangazi yake jikoni, ungo mapajani, anachambua maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Chiriku wangu. Mbona umekonda? Huko redioni mnakula maneno?"

Walicheka, wakanywa chai, wakaulizana hali za watu wote isipokuwa mmoja. Mwishowe Chiriku akamweleza kilichomleta. Mikono ya shangazi haikusimama kwenye maharage.

"Majibu, mwanangu, hutolewa mtu akiulizwa. Sasa nitamjibu nani humu? Hili birika?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, shangazi. Ndiyo maana nimekuja na cha pili." Akaweka kinasa sauti juu ya meza, akabonyeza.

Sauti ya seremala ikajaa jikoni. Shangazi akaendelea kuchambua kana kwamba ni nzi anayepita. Kisha akainua kichwa kidogo. "Sauti yake haijazeeka," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Ila hapo kakosea. Mlima hausemi 'jiwe', husema 'jabali'. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, mvivu wa maneno makubwa."

Mlima ukauliza swali la mto wa kwanza, na kabla Chiriku hajasema lolote, shangazi akajibu. Alijibu kwa lugha ya mlimani, kwa sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, sauti iliyonyooka kama uzi wa mwashi. Chiriku akawasha simu yake kimyakimya, inase. Wakavuka mto wa kwanza, wakavuka wa pili, ungo umesahaulika chini na kuku ameingia kujihudumia.

Walipofika mto wa mwisho, mashine ikauliza swali. Shangazi akavuta pumzi, akatamka neno la kwanza, na mashine ikaendelea kusema. Seremala alikuwa amejirekodi mfululizo bila kuacha nafasi, na Chiriku, aliyekuwa akiisimamisha mashine kila mto, safari hii alichelewa. Sauti yake ikapita juu ya sauti ya dada yake, ikaenda mpaka kwenye maneno ya kufungia.

Shangazi akaokota ungo, akamfukuza kuku. Uso wake ukawa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Hata kwenye mashine haningoji," alisema. "Izime."

"Shangazi, alikuwa peke yake, hakujua—"

"Anajua sana. Tulifundishwa kwenye jiko moja, na mama mmoja, kwa mwiko mmoja. Izime, mwanangu."

Chiriku akaizima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuta la kusema akalikosa. Alilala kwa shangazi yake akijilaumu kwamba badala ya kutibu kidonda amekitonesha, na kwamba kitabu chake sasa kitatoka kilema.

Asubuhi alipotoka chumbani alimkuta shangazi amesimama mlangoni, viatu vya safari mguuni, mkoba mkononi, kilemba kimefungwa kama cha harusini.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Redioni kwenu. Nimewaza yule mwanamke." Hakuwa akisema habari za jirani. "Tangu siku ya msiba amesimama ukingoni pale, chungu mkononi, mvua inamnyeshea. Nikifa leo, nani atamvusha? Ndugu yangu sijamsamehe, usije ukajidanganya. Namwendea mwenzangu tu, avuke."

Chiriku alimkumbatia hadi kilemba kikapinda.

Jumamosi hiyo seremala alifika redioni mapema, amenyoa ndevu, amevaa koti ambalo watu walizoea kuliona kanisani na mahakamani tu. Dada yake alipoingia alisimama wima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wakaishia hapo. Shangazi akazungusha macho kwenye kuta za studio. "Mayai yote haya mlikula nyinyi?" aliuliza, na fundi mitambo, kijana mrefu aliyeitwa Waya, akacheka hadi akagonga kichwa kwenye rafu. Maikrofoni nzima ilikuwa moja tu, nyingine ilikuwa inakwaruza kama paka ndani ya gunia. Ikabidi ndugu wale wakae kiwiko kwa kiwiko, kila mmoja akitazama upande wake.

Meneja akachungulia mlangoni. "Chiriku, nakwambia mapema. Saa ya mpira ikifika, nawakata. Mji mzima unaungoja mchezo huu."

"Tutamaliza, bosi," alisema Chiriku, ingawa hakuwa na hakika.

Taa nyekundu ikawaka. Seremala akafungua: mvua, chungu, mwanamke njiani. Mlima ukauliza, na kando yake sauti ya dada ikajibu bila kutetereka. Mwanzoni walisema kama watu wanaotupiana mawe. Kufikia katikati wakawa wanapokezana kama watwangao kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Waya aliacha kugusa vitufe. Nje, kwenye kibaraza cha mshona viatu aliyekuwa na redio yake, watu wawili watatu walisimama, kisha wengi.

Wakafika mto wa mwisho. Seremala akauliza, taratibu:

"Mto wangu umejaa, na miguu yako imechoka. Moto huo ni wa nani, hata ufe kwa ajili yake?"

Akanyamaza.

Nyuma ya kioo meneja alikuwa ameinuka, anagonga saa yake kwa kidole, kisha anapitisha mkono shingoni: kateni! Seremala alimwona. Chiriku akamwona baba yake anamwona, na uso wa meneja pale kiooni ulikuwa ni ile mvua ya makaburini imerudi. Lakini seremala aligeuza kiti, akakipa kioo mgongo, akamwelekea dada yake uso kwa uso. Akafumbata mikono magotini, akangoja.

Shangazi hakuanza. Alimtazama tu mdogo wake. Redio ilikuwa kimya, na katika redio kimya ni msiba. Meneja akaja mbio mlangoni. Chiriku akainuka, akaegemeza mgongo wake wote kwenye mlango huo, kitasa kikamchoma kiunoni, hakubanduka.

Ndipo shangazi akavuta pumzi.

"Si wa aliyeuwasha, wala si wa anayeubeba. Ni wa yule ambaye bado ana baridi. Nami sikuja kukuomba njia, ewe mlima. Nimekuja kukujulisha kwamba napita."

Kisha akaanza kuwataja. Chiriku hakuwa amejua kwamba ndani ya jibu lile kulikuwa na majina. Yalikuwa ya wanawake waliotoa makaa njiani kila moto ulipofifia, kila mmoja na kijiji chake, na ukingo wake, na alichokitoa: aliyevunja kinu chake kikawa kuni, aliyetoa kaa la mwisho la jikoni kwake watoto wakiwa wamelala. Jina baada ya jina, milima yote, ng'ambo hii na ile. Machozi yakamtoka Chiriku pale mlangoni. Sasa alielewa ni nini hasa kilichorukwa siku ile ya mvua.

Shangazi alipotamka la mwisho, na Mbeba Moto akapanda ukingo wa pili, seremala alifunga simulizi kwa sauti iliyokuwa imepasuka.

Simu ya studio ikalia kabla taa haijazimwa. Meneja mwenyewe ndiye aliyeipokea, amejiandaa kuwaomba radhi wapenzi wa mpira. Sauti ya mzee ikafoka hadi wote wakaisikia: "Huo mpira wenu uwekeni kesho! Bibi mzaa bibi yangu ametajwa redioni!" Alipoikata ikalia tena. Alikuwa mama kutoka kijiji cha juu kabisa, analia na kucheka pamoja, anasema alidhani maneno yale yalizikwa na mama yake. Ikalia tena, na tena. Meneja akakaa chini, akajifuta uso kwa tai. Mpira ulikuja kurushwa kipindi cha pili, na hakuna aliyelalamika.

"Umeningoja," alisema shangazi, akitafuta mkoba wake.

"Uliniweka sana, dada. Nilidhani nitakufa."

"Nilitaka nione kama utaweza." Akampukutisha begani vumbi ambalo halikuwapo. "Na hilo neno ni 'jabali', si 'jiwe'."

Walipotoka walikuta ua wa redio umejaa. Wauza mboga wameacha meza zao, mshona viatu na kiatu cha mteja mkononi, na mteja mwenyewe mguu mmoja peku. Vigelegele vilivyopigwa viliruka ukuta.

Kitabu kilitoka, na kilitoka kizima. Ndugu wale wawili walisahihisha kila ukurasa wakigombana kwenye karakana, na Chiriku kati yao kama refa, akimeza vumbi la mbao na furaha. Kurasa za kushoto zilibeba lugha ya mlimani, za kulia Kiswahili, na shule za vijijini zikakiomba kabla wino haujakauka.

Siku ya kukizindua, ukumbi wa shule ya sekondari haukutosha, watu wakasimama madirishani. Meneja alileta mitambo yote na kurusha moja kwa moja, bila kumtajia mtu saa. Seremala alipanda jukwaani, akayauliza maswali yote mpaka mto wa mwisho, kisha akamgeukia dada yake kwenye kiti cha mbele. Shangazi akainuka. Lakini kabla hajafungua kinywa, sauti zikatoka nyuma ya ukumbi, za akina mama waliokuwa wamelisikia jibu lile redioni wakalishika, na za wasichana waliojifunza darasani, mstari kwa mstari, wamesimama wote:

"Si wa aliyeuwasha, wala si wa anayeubeba!"

Shangazi akageuka kuwatazama. Akakaa polepole, akaweka mikono mapajani, akawaacha wajibu.