Kamati ya Ustawi Yaenda Loresho

Tawi la Mjini la mashabiki wa Kirichwa FC lina kanuni moja ambayo haijawahi kuvunjwa: mwanachama akipatwa na tatizo, anatembelewa. Haijalishi ni tatizo gani. Aliyefiwa anatembelewa, aliyefutwa kazi anatembelewa, na mwaka juzi Quincy, mpiga ngoma wa tawi, alitembelewa hospitalini baada ya kuanguka kutoka jukwaani akishangilia bao ambalo refa alilikataa. Kamati ya ustawi hupeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia. Msemaji hutoa pole, mwenyeji hujibu, na katibu hupiga picha ya makabidhiano na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp ili wanachama waone kwamba kazi imefanyika.

Msemaji alikuwa Zadock Omollo, fundi wa friji mwenye duka karibu na River Road. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ana sauti tulivu na hasahau majina ya marehemu.

Mwezi Machi, wachezaji wanne wa timu ya wanawake ya Kirichwa waliishtakia kamati ya nidhamu ya ligi kwamba kocha wao, Norman Kihara, alikuwa akiwaita chumbani kwake kambini, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kuzungumzia mbinu, na kwamba aliyekataa aliishia benchi. Majina yao hayakutangazwa. La Kihara lilitangazwa, na mashabiki hawakuamini macho yao. Alikuwa ameishindia Kirichwa ligi ya wanaume na ya wanawake. Walimwita Mwalimu. Wanachama wawili wa tawi wamewapa watoto wao jina la Norman, na mmoja wa watoto hao ni msichana.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Ivyne, golikipa, binti ya Zadock. Alikuwa amewaambia wazazi wake, na alikuwa amemwomba baba yake jambo moja: siku ya kutoa ushahidi, Jumatano, aende akae naye. Zadock alikuwa amejibu kwamba wataona. Tawini hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi tawi lilikutana kwenye hoteli ya ghorofani wanayoitumia kila mara, mjini. Mwenyekiti, Kitavi, ambaye huuza vipuri vya magari, hakupoteza muda.

"Mwalimu ni mlezi wa hili tawi," alisema. "Mlezi ni mwanachama. Ako na tatizo. Kuna mtu anabisha?"

"Tatizo si ni yeye amejiletea?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hata Quincy alijiletea. Na tulienda."

"Mimi niliruka," Quincy alisema. "Sikuita mtu chumbani."

"Sasa umeanza kuhukumu."

"Sijahukumu. Nimesema niliruka."

Katibu, Wangeci, ambaye hufanya kazi katika kampuni ya bima na hupenda kujua kitu kinalipiwa kwa sababu gani, aliinua mkono. "Tunaenda kumwambia nini? Pole kwa kushtakiwa, ama pole kwa kufanya?"

"Pole tu," Kitavi alisema. "Pole haina maelezo."

Ikapitishwa kwamba kamati iende Loresho, nyumbani kwa Mwalimu, siku hiyohiyo. Ikapitishwa pia kwamba Jumatano tawi zima livae jezi na kwenda na ngoma nje ya jengo ambamo kesi ingesikilizwa, limwimbie Mwalimu ili asijihisi mpweke. Zadock hakuinua mkono, lakini Kitavi alimhesabu pamoja na walioinua, kwa mazoea.

Angeweza kusema ana kazi. Alilifikiria hilo, akaona kwamba msemaji akikosa, watu wataulizana kwa nini. Akapanda gari la Kitavi, Probox, akakaa mbele; Wangeci na Quincy wakakaa nyuma.

Nyumbani kwa Kihara kulikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri na mbwa aliyefungwa. Mke wake, Waringa, alileta chai na mandazi, akakaa karibu na mumewe na simu mkononi. Kihara alikuwa amevaa sweta na alionekana amelala vya kutosha. Zadock alisimama, akasema maneno ambayo amewahi kuyasema katika nyumba nyingi: kwamba tawi limesikia, kwamba tawi liko naye katika wakati huu mgumu, kwamba Mungu ndiye anayejua. Akamkabidhi unga. Wangeci akapiga picha. Waringa pia akapiga yake.

Kisha ikawa zamu ya mwenyeji kujibu.

"Baba Ivyne," Kihara alisema, "sikutarajia. Kweli sikutarajia. Umekuja mwenyewe, umekuja na wazee, umekuja na chakula. Hiyo ni heshima. Mambo ya watoto tunamaliza hivi, kwa nyumba, si kwa magazeti."

"Nimekuja kama kamati," Zadock alisema.

"Kamati, wazee, ni kitu moja. Mimi sina kinyongo na msichana wako. Nitaambia wakili awaeleze wale watu wa nidhamu kwamba familia ilikuja."

Wangeci aliweka kikombe chini. Quincy alimwangalia Kihara, kisha Zadock, kisha unga.

"Msichana yupi?" Quincy aliuliza.

"Si ni Ivyne," Kihara alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mwanafunzi. "Golikipa wangu."

Ilikuwa rahisi kuelewa Kihara alivyokosea kuhusu ziara hiyo. Kwa watu wa umri wa Kihara, msichana akimshtaki mtu, baba yake hutafuta wazee, hubeba kitu mkononi, huenda kwa mshtakiwa, wakanywa chai, na kesi ikafa. Alikuwa ameona baba, wazee, kitu mkononi na chai. Hakuna kilichokosekana.

Zadock alisema tena kwamba amekuja kama kamati. Kihara alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akawasindikiza hadi langoni.

Gari liliingia barabara ya Waiyaki Way.

"Ulijua?" Kitavi aliuliza.

"Nilijua."

"Na bado ukampa pole."

"Ndiyo kazi."

"Na uliitoa poa," Quincy alisema kutoka nyuma, bila ubaya wowote.

Simu ya Wangeci ililia. Picha ya Waringa ilikuwa imefika tawi la Karen, na kutoka Karen ilikuwa imefika kila mahali. Ilimwonyesha Zadock ameinama kidogo, kama mtu yeyote anayekabidhi kitu kizito, na Kihara amenyoosha mikono kukipokea. Chini yake palikuwa pameandikwa: Baba ya golikipa ameomba msamaha. Mwalimu amesamehe.

Wangeci aliisoma kwa sauti, mara moja. Kisha akasema, "Kwa hivyo wewe ni mwanachama mwenye tatizo."

Kitavi aliendesha gari hadi Kangemi. Aliheshimu sana kanuni, na alikuwa akiitafutia hii mlango wa kutokea.

"Tukimwacha," alisema mwishowe, "tutakuwa tumetembelea mmoja na kuacha mwingine."

"Hamna haja," Zadock alisema.

"Mwanachama haulizwi kama kuna haja, mzee. Wewe ndiye umekuwa ukituambia hivyo."

Walisimama kwenye supamaketi ya Ngong Road. Zadock alibaki garini, kwa kuwa anayetembelewa haoni vitu kabla havijakabidhiwa. Baada ya muda Quincy alirudi, akainama dirishani.

"Mama Ivyne hupikia mafuta gani?"

Zadock alimwambia.

Nyumbani kwake, mtaa wa Jamhuri, alibisha mlango, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Mke wake, Peres, alifungua, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona unabisha kwako?"

"Niko na kamati."

"Kamati imekuja kwa nani?"

"Kwangu."

Peres aliwakaribisha. Kamati ilikaa kwenye kochi refu, kama inavyokaa kila mahali. Zadock alibaki amesimama. Alipokaa kwenye nyumba za watu alikaa kwenye kochi refu. Leo kochi refu lilikuwa lake, na lilikuwa limejaa.

Ivyne alitoka chumbani na simu mkononi.

"Shikamooni," aliwaambia wageni. Kisha akamgeukia baba yake. "Hii picha ni ya leo?"

"Ni ya leo."

"Ulienda kumwomba msamaha?"

"Nilienda kumpa pole."

"Pole ya nini?"

Kitavi alimwona Wangeci anamwangalia. Kisha, kwa kuwa msemaji wa kamati ndiye aliyekuwa anatembelewa, akasimama mwenyekiti mwenyewe na kutoa maneno. Hakuwa na mengine. Alisema tawi limesikia, na kwamba tawi liko nao katika wakati huu mgumu.

"Asante," Ivyne alisema. "Na Jumatano liko na nani?"

"Jumatano tuko kwa Mwalimu. Ilipitishwa."

"Na leo?"

"Leo tuko kwenu."

"Na kabla mfike hapa?"

"Kwa Mwalimu," Kitavi alisema. Alikuwa mtu mkweli, na hilo lilikuwa likimsumbua.

Peres alileta maji ya kunywa. Quincy alizungusha glasi yake.

"Kwani ni kweli, Ivyne?" aliuliza.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemuuliza hivyo. Mama yake aliamini bila kuuliza, na baba yake alikwepa kuuliza.

"Ni kweli. Aliniita nikaenda, nikidhani ni mambo ya mpira. Akanishika. Nikatoka. Akaniita tena nikakataa, na fainali nikakaa benchi."

"Ile fainali? Si ulikuwa umeumia goti?"

"Goti ni nyinyi mlisema."

Quincy aliikumbuka fainali vizuri. Alikuwa ametungia goti hilo wimbo wa kulitakia nafuu, na jukwaa zima lilikuwa limeimba. Alinywa maji yake yote.

Kwa desturi ilikuwa zamu ya mwenye nyumba kujibu. Zadock alitoa simu mfukoni.

"Nikiandika kwenye kundi, jina lako litajulikana," alimwambia Ivyne.

"Limeshajulikana. Ni lako ndilo halijulikani liko wapi."

Akaandika, amesimama, kwa kidole kimoja. Ilichukua muda. Peres aliwaongezea wageni maji ambayo hawakuwa wameyaomba. Kisha simu tatu zikatetemeka kwenye kochi kwa pamoja, na wageni watatu wakainamisha vichwa, wakasoma mbele ya aliyewaandikia:

"Mimi Zadock Omollo ni baba ya Ivyne. Sikwenda Loresho kuomba msamaha wala kusuluhisha. Nilienda kwa kazi ya kamati, na nilikosea kwenda. Binti yangu anasema kweli. Jumatano atatoa ushahidi na nitakaa naye. Usemaji naacha."

Wanachama walianza kujibu papo hapo, na kamati ikaendelea kusoma kwa sababu haikujua pa kutazama. Mtu alituma mikono ya maombi. Mwingine aliuliza kama msemaji mpya atachaguliwa au atateuliwa. Mmoja aliandika kwamba tuiachie mahakama, ingawa hakuna aliyekuwa ameenda mahakamani, na mwingine akaweka video ya bao la ushindi la fainali, bila maelezo. Kadhaa walijitoa kwenye kundi kwa hasira. Mmoja wao alirudi kabla ya jioni, kwa kuwa tiketi za Jumapili zilikuwa zinagawiwa humo.

"Mzee," Kitavi alisema, akiwa bado anaangalia simu, "Jumatano ngoma zitapigwa. Siwezi kubadilisha peke yangu."

"Najua."

"Usione ni wewe."

"Si mimi," Zadock alisema. "Ni yeye."

Walipokuwa wakiondoka walimkabidhi Zadock unga, na Wangeci alisahau kupiga picha ya makabidhiano, au aliacha makusudi.

Jumatano tawi lilifika mapema, limevaa jezi, likajipanga kwenye ngazi za jengo lile katikati ya mji. Wangeci hakuja. Quincy alikuja, lakini ngoma alimpa mwenzake, akasema bega linamuuma. Watu wengi hawakumwamini. Wimbo wa Mwalimu una beti nyingi, na walikuwa wameanza ubeti wa kuchukua kombe pale Zadock na Ivyne walipovuka barabara.

Ngoma zilinyamaza. Hakuna aliyetoa amri. Ni kwamba mwanachama mwenye tatizo alikuwa anapita. Wakaachia nafasi katikati.

"Sasa, mzee," mmoja wao alimsalimu Zadock.

"Sasa."

"Mama Ivyne hajambo?"

"Hajambo."

Ivyne alisalimiwa na wawili. Wengine waliangalia viatu vyao. Mlango wa lifti ulipofungwa nyuma ya wawili hao, ngoma zilianza tena.

Wakili wa Kihara alikuwa na picha, imechapishwa kwa rangi. Aliuliza kama anayekabidhi unga ni Bwana Omollo. Zadock alisema ndiye. Aliulizwa alikuwa anafanya nini. Alieleza kanuni ya tawi, na kwamba siku ileile alipokea unga kama huo nyumbani kwake, kutoka kwa watu walewale, kwa ajili ya tatizo lilelile. Wakili aliuliza kama anatarajia kamati ya nidhamu iamini hilo. Zadock alisema hajui kamati huamini nini, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwamba mwenyekiti yuko chini kwenye ngazi na anaweza kuitwa. Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja wa makamo, alisema hakuna haja. Kule anakotoka yeye, kanisa hufanya hivyohivyo.

Kisha akamgeukia Ivyne. Wimbo ulikuwa unaingia kupitia dirisha, jina la Kihara likirudiwa na watu wengi kwa pamoja.

"Tufunge dirisha?"

"Liacheni," Ivyne alisema. "Hao nimezoea kuwasikia nyuma ya goli."

Zadock alisogeza kiti chake karibu na cha binti yake, na Ivyne akaanza kusema.