Kamba wa Mwakani

Mwaka 1987, majira ya joto yakielekea ukingoni, Odile Verdin, mpimaji wa uvuvi wa serikali ya Louisiana, alipanda mashua ya mjomba wake, Alcide Naquin, ili kupima kamba wa ghubani. Wakiwa wengi, msimu ungefunguliwa Jumatatu. Wakiwa haba, mashua zote za kijiji zingebaki gatini.

Wavu mdogo wa kujaribia uliburutwa, ukapandishwa, ukafunguliwa. Kamba weupe, wanene, walimwagika sitahani wakirukaruka. Lakini miruko yao haikutoa sauti yoyote.

"Wa mwakani hao, sauti yao bado haijafika," alisema baharia Ovide, akiendelea kukoroga mchuzi wa bamia.

Alcide aliweka kapu mizanini. "Haya, andika uzito, mpwa wangu."

"Mjomba, hawa hawajazaliwa!"

"Na kamba waliokulea, uliwauliza wamezaliwa lini? Mizani haina kalenda."

"Mwakani mtavua nini?"

"Mwakani utakuja kutuuliza hayohayo. Andika, bwana!"

Odile aliita ofisini kwa redio, akaeleza. Mkuu wake aliuliza jambo moja tu: "Wana uzito?"

"Wanao, mkuu."

"Basi wapo. Fungua msimu."

Padri alibariki mashua. Msimu mzima kamba walishushwa gatini kimya, wakauzwa, wakaliwa. Ladha yao haikuwa na kasoro.

Agosti iliyofuata, wavu wa kujaribia ulipanda mtupu. Ulipofunguliwa, sitaha ilijaa sauti ya kamba wanaorukaruka, ingawa hapakuwa na hata mmoja. Ovide alisogeza miguu asiwakanyage. Odile aliandika kwamba hakuna kitu. Alcide alishika usukani kwa mikono miwili. Mkuu aliagiza kwa redio wavu ushushwe tena, mbali zaidi. Ulipanda umejaa kamba wanene, kimya. Msimu ukafunguliwa.

Kwa desturi, kapu la kwanza la msimu ni la mjane mkongwe kuliko wote kijijini. Bibi Eulalie alilitegea sikio, kisha akalisukuma kwa fimbo.

"Alcide, mwaka jana ulinilisha wa mwaka huu. Leo unaniletea wa nani? Mrudishie mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

Alirejea ghubani na kapu lile. Wavu mkubwa ulikuwa umekwisha kushushwa nyuma ya mashua, nayo injini ikiuburuta. Alcide alivua kofia, akalimimina kapu zima majini, mbele ya mdomo wa wavu.

"Deni la mwaka jana," alisema.

Maji yaliwapokea bila sauti.