Nyuki Ndani ya Kinu

Nyuki waliingia kwenye kinu siku ya Jumanne. Alhamisi Mwantumu akakihitaji.

Mumewe, Mzee Rehani, alikuwa amekilaza juu ya mkwaju nyuma ya banda, mdomo ameuziba kwa ubao. Miaka minne kinu kile kilikaa jikoni kuku wakitagia ndani, maana siku hizi kijiji kizima cha Misima kinapeleka mahindi mashineni. Mzee Rehani hakuvumilia kuona kitu kimekaa bure. Chandarua kilichochanika alikifanya kivuli cha miche ya nyanya, na sufuria lililotoboka likawa kiota cha kuku mwenye vifaranga. Sasa gogo limekwisha kuchongwa, lina shimo zuri. Mtu anunue mzinga wa nini?

"Kinu cha mama yangu kiko wapi?" Mwantumu aliuliza.

"Kiko kazini."

Akamwonyesha juu. Mwantumu akatazama nyuki wakiingia na kutoka mpaka mumewe akaanza kumweleza habari za asali.

"Yusra anaolewa Jumamosi," Mwantumu alimkatiza.

"Najua. Ni binti yangu."

"Na mahindi ya kwanza ya harusi, ukoo wetu tunayatwanga wapi?"

 Mzee Rehani alikuwa amesahau. Dada mkubwa wa Yusra alipoolewa, wanawake walitwanga kwenye kinu hicho hicho, wakaimba, wakamfukuza yeye, baba mtu, uani kwa kumrushia unga.

Mwaija, dada mkubwa wa Mwantumu aliyekuja kutoka Mkata kwa ajili ya harusi, akatokea jikoni anajifuta mikono. "Shemeji, nasikia unafuga nyuki ndani ya mama mkwe wako!"

"Nitakishusha," alijibu kwa ukali. "Kabla ya magharibi kitakuwa chini."

Akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya birika bovu, akapanda mtini huku moshi unatoka mdomoni mwa birika. Nyuki walimuuma sikioni, shingoni, na kwenye kope. Akakishusha kwa kamba hivyo hivyo, jicho moja limefumba, akakwangua masega, akakisugua kwa majivu na mchanga mpaka kikang'aa.

"Haya," alisema. "Kinu hicho."

Mwantumu akamimina maji ya kusuuzia. Maji yakatoka chini, yakamlowesha miguu.

"Hilo ni tundu la nyuki," Mzee Rehani alisema haraka. "Nilitoboa kwa nondo ya moto. Nitaliziba. Kuna kandambili kuukuu pale..."

Mwaija alicheka mpaka akakaa chini. "Kandambili! Bwana harusi aje ale ugali wa kandambili!"

"Basi mti. Nitachonga kizibo, hata tone halitapita."

Mwantumu hakucheka. "Rehani," alisema, yeye ambaye siku zote humwita Baba Yusra. "Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Kilikuwa cha kuku! Miaka minne, uliwahi kukigusa?"

"Ungeniuliza."

Hilo ndilo lililomkera Mzee Rehani. Tundu alikuwa na dawa yake, na hata kama ni ufa angejua la kufanya. Neno moja hilo likamkesha usiku kucha.

Ijumaa asubuhi wanawake walipakia madebe ya mahindi kwenye pikapu. Wangetwanga Mkata, kwa Mwaija, kwenye kinu cha pili cha mama yao. Yusra akapanda nao, amefunikwa kanga, hakumtazama baba yake. Mwantumu akarudi ndani kuchukua mchi.

"Uache, nitautunza," Mzee Rehani alisema.

"Nikiuacha, kesho nitaukuta nguzo ya banda."

Wanawake wakaangua kicheko. Alitaka kuwaambia kwamba mchi ni mfupi mno kwa nguzo, ila pikapu ilikwisha kuwaka. Wimbo wa kutwanga wakauanzia pale pale kwenye kona, wakaondoka nao kuelekea Mkata.

Mzee Rehani akachukua panga, akachonga kizibo kwa jicho lake moja zima. Akakipigilia, akajaza kinu maji mpaka ukingoni, akachuchumaa kutazama. Halikupita hata tone. Akainua kichwa atafute wa kumwonyesha, na uani hapakuwa na mtu.