Mchanga Uliozidi Kiganja

Kwetu Ghar el Melh, mji mdogo wa pwani, mtu akionekana shambani na ndoo ya maji, habari hufika msikitini kabla yake. Mashamba yetu ni vipande vyembamba vya mchanga vilivyozungukwa na ziwa la chumvi, na hakuna anayemwagilia. Maji ya mvua huzama mchangani yakakaa juu ya yale ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Bahari ikijaa huyainua, mizizi ikanywa. Ikipwa, mizizi inapumzika. Kazi kubwa ya mkulima ni kupima mchanga. Ukipungua, mizizi inaloa chumvi. Ukizidi, inaning'inia huko juu ikisikia harufu ya maji tu.

Dada yangu Jalila alilichukua shamba letu mgongo wa Baba ulipogoma. Hakuna aliyemwomba. Watu wote walinitazama mimi, mtoto wa kiume, na mimi nikaitazama simu yangu. Jalila akavaa buti za Baba, akazijaza magazeti mbele ili zimkae, akaondoka. Baba alikubali kwa sharti moja, na alilisema mbele ya Mjomba Mundher ili liwe na shahidi: huu msimu mmoja tu. Vitunguu visipotoka, shamba linauzwa kwa rafiki yake Mjomba, ambaye anataka kulisawazisha aegeshe magari ya watu wanaokuja kuogelea kiangazi.

Sasa, mwaka uliotangulia bahari ilikuwa imevunja ukingo ikaunguza maharage yetu, na Baba hakuisamehe. Vuli ilipoingia alikaa kwenye kiti chake pembeni mwa shamba akaamuru mchanga uongezwe kwa kimo cha kiganja kizima. Jalila alisema kiganja ni kingi, nusu yake inatosha. Baba akamuuliza, kati yake yeye na Jalila, ni nani aliyefahamiana na bahari mapema. Hapo mjadala ukafungwa. Nikasukuma toroli la mchanga mpaka mikono ikawa kama ya mtu anayefanya kazi, jambo lililomshangaza mama.

Miche ya vitunguu ilipandwa, ikasimama vizuri, halafu mvua ikakata. Kufika Februari ncha zilikuwa za manjano, na majani yamelala ubavu kama wazee baada ya couscous ya Ijumaa. Mashamba ya jirani yalikuwa ya kijani. Jalila alichimbua mche mmoja, akaingiza mkono pale shimoni, akautoa mkavu. Akaingiza tena mpaka kwenye kiwiko, na vidole vikarudi vimelowa. Alikaa akautazama ule mkono.

Mjomba Mundher alikuja kesho yake na gari lenye pampu nyuma. Mjomba ni mtu mkarimu, hasa akiwa na haja yake. Alisema amemhurumia mtoto wa dada yake. Pampu ni ya bure, achimbe kisima kidogo, avute maji, amwagilie wiki mbili, mambo yaishe. Nilijua hesabu yake na Jalila aliijua zaidi. Shamba likishavutwa maji si shamba letu la zamani tena, na Baba mwenyewe angelikuwa wa kwanza kuliuza.

"Na yule Bi Beya wako wa La Marsa?" Mjomba akasema. "Kitunguu kikishafika kwenye sahani yake kitamwambia kilikunywa wapi?"

Bi Beya ana mkahawa mjini huko, na ndiye aliyemwahidi Jalila kununua mavuno yote. Mwanamke huyo hapiki kitu nje ya msimu wake. Kipindi cha baridi aliondoa nyanya mbichi kwenye sahani zake, na katika nchi hii ukimnyima mtu nyanya ni afadhali umtukane mama yake; wateja wengine waliinuka wakaenda zao. Hakuzirudisha. Waliobaki huwaambia kila chakula kimelimwa na nani na kimekunywa maji gani.

"Kitunguu hakitasema, Mjomba," Jalila akajibu. "Nitasema mimi. Halafu nikivuta hayo maji matamu, chumvi inapanda juu. Kwangu na kwa jirani. Wewe utakuja kuwaambia wao?"

"Unajifanya mwanasheria wa majirani sasa."

"Hapana, mjomba. Ila nitakuwa hapa msimu ujao, na wao watakuwepo."

Mjomba akaniangalia mimi, akitafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Nikamwambia pampu ni nzuri sana, tena rangi yake inapendeza, arudi nayo polepole isichubuke.

Jioni hiyo Jalila alimwambia Baba atakachofanya. Atang'oa vitunguu vyote, atakwangua mchanga uliozidi, kisha ataipanda upya miche ileile chini zaidi. Mama aliacha kukanda unga. Kwetu mchanga huongezwa. Mababu waliuleta kwa punda, mzigo juu ya mzigo, na sijawahi kusikia mtu aliyeutoa. Ni kama kwenda makaburini kupunguza udongo.

Baba alisema hapana. Alisema bahari itarudi kama mwaka jana na Jalila hatakuwa na wa kumlaumu.

"Mwaka jana ulikuwa mwaka jana, Baba. Uliogopa, ukapima kwa woga. Vitunguu vinakufa kwa kiu na maji yapo hapo chini yake."

Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwambia Baba kwamba aliogopa. Nilijiandaa kukimbia, ingawa sikuwa nimesema neno. Baba alivunja kipande cha mkate, akakichovya kwenye harisa, ile pilipili yetu ya kusaga, akakitafuna kwa muda mrefu. Mwishowe akasema yeye hataki kuliona jambo hilo, na akaenda kulala. Jalila alilichukulia kama ruhusa.

Tulianza asubuhi, sisi wawili na mama. Mama aling'oa, akailaza miche kivulini chini ya magunia yenye unyevu. Mimi nilikwangua na kumwaga mchanga kwenye uzio wa matete. Jalila alipima kila tuta kwa mkono wake, akapanda. Majirani walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama sasa vitunguu vinafundishwa kuogelea. Mwingine alisema kuku wake nao hufanya vivyo hivyo, hufukua kilichopandwa, na hawakusoma popote. Jalila alicheka nao, akamwambia amlete huyo kuku, kazi ipo na chakula cha mchana kipo.

Tulifika nusu ya shamba. Nusu ya pili ilikufa kabla hatujaifikia.

Bi Beya alikuja mapema Machi kutazama mali yake. Nilimshauri Jalila amwonyeshe upande mzuri, halafu tumkaribishe brik ya moto, sambusa yetu ya yai, na tumsindikize. Jalila alianza na upande uliokufa. Alimweleza kila kitu, mchanga, pampu, na kwamba atapata nusu, tena kwa kuchelewa. Bi Beya alikasirika wazi. Alikuwa na karamu ya watu mwezi wa nne, na menyu ilishaandikwa.

"Ningekuwa na vya pampu leo hii," Jalila akamwambia. "Ungevipenda, vikubwa. Mimi nina hivi tu."

Bi Beya aliinama akang'oa kitunguu kichanga kutoka upande mzima, akakifuta kwa kidole gumba, akakila chote na majani yake. Alisema karamu itasogezwa. Wageni wakiuliza, ataleta picha ya tuta lililokufa, waijue sababu.

Vitunguu vilitoka Mei, vidogo, vigumu, vitamu mpaka vinaliza. Siku ya mavuno Mjomba alifika na rafiki yake wa magari, wakiwa wamevaa viatu vya mjini. Walimwendea Baba kwenye kiti chake. Mjomba alianza taratibu: nusu msimu ni nusu tu, ahadi ni ahadi, na shahidi ni yeye.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. "Ile nusu iliyokufa niliiua mimi," akasema. "Shamba si langu tena. Muulize mwenyewe, yule mwenye buti."

Hawakumuuliza. Jalila alikuwa amejitwisha gunia na uso wake ulikuwa na jibu.

Walipoondoka, Baba alisimama kwa fimbo, akaingia kwenye ile nusu tupu, akasema kwa ajili ya viazi vya msimu ujao kiganja kimoja cha kukwangua ni kingi, vidole vitatu vinatosha. Jalila akasema ni kiganja. Baba akasema vitatu. Wakachuchumaa pale, kila mmoja ameingiza mkono kwenye shimo lake, wakibishana kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya ziwa waliisikia. Mimi nilikuwa nimesimama katikati na toroli, nikisubiri kuambiwa mchanga naupeleka wapi.