Nyota Iliyotetemeka

Mume wangu ni kinyozi, na ukikaa kwenye kiti chake husimuliwi mpira wala siasa, unasimuliwa nyota. Nyuma ya nyumba amejenga kibanda chenye paa la kusukuma, na humo ndimo alimosimika darubini yake mpya, kubwa mara mbili ya ile ya zamani. Nilidhani sasa roho yake imetulia. Kumbe kibanda kimekuwa kidogo, na ukuta wa kuvunjwa ili kipanuliwe ni wa chumba changu cha kushonea.

"Utashonea sebuleni," aliniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kumwita fundi. Fundi alikuwa aje Jumatatu.

Sebuleni kuna watoto, kuna wageni, na kuna mama mkwe ambaye hukalia vitambaa vya watu halafu akauliza nani kaviweka pale. Nilikasirika kwelikweli. Nikajifungia na magauni ya harusi, nikawa nakanyaga cherehani kana kwamba namkanyaga yeye.

Jumamosi jioni wenzake wakaja: mfamasia, dereva wa gari la wagonjwa, na fundi saa tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Mlio wa cherehani yangu waliuzoea zamani, hawausikii tena. Punde zikatoka kelele kibandani. Mume wangu ameona nyota inayotetemeka. Inatetemeka, inatulia, inatetemeka tena. Darubini mpya inakuza kiasi kwamba waliiona hiyo moja tu, na hakuna aliyethubutu kuielekeza kwingine wasije wakaipoteza.

"Hii haimo vitabuni," Profesa akasema. "Tutaipa jina la kinyozi."

Mume wangu akaja mbio kunichukua. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu azaliwe mtoto wetu wa kwanza, na hasira yangu ikaniponyoka nikiwa bado naihitaji. Nikaacha mshono katikati. Wakanipisha, nikachungulia: nukta nyeupe, imetulia tuli.

"Mbona haitetemeki?" nikauliza.

Wakachungulia mmoja mmoja. Mfamasia akakohoa. Mume wangu akafuta kioo, akafuta miwani ya Profesa, nusura afute na pua yangu. Nilimhurumia kwelikweli. Lakini magauni yalikuwa yananisubiri, nikarudi kwenye cherehani.

"Hiyo, hiyo," nikamsikia dereva. "Imeanza tena."

Nikaacha kukanyaga. Wakaguna. Nikakanyaga. Wakashangilia. Nikainama kutazama sakafu. Zege la msingi wa darubini mume wangu alilimwaga mwenyewe likaungana na sakafu yangu, na siku ile alijisifu kwamba sasa ni kitu kimoja. Nikacheka mpaka nikajichoma pini.

Mlango ukafunguka. Mume wangu akasimama akinitazama usoni, kisha akautazama mguu wangu uliotulia. Nje Profesa alikuwa analalamika kwamba nyota imegoma. Nikakanyaga kidogo tu, Profesa akashukuru. Hapo nikaona kinyozi wangu ameelewa.

"Jumatatu fundi anakuja saa ngapi?" nikamuuliza.

Akafunga mlango nyuma yake, polepole.

"Fundi gani?" akanong'ona. "Kanyaga, mke wangu. Watu wametoka mbali."