Mhazili Aliyeambiwa ni Roboti

Ofisini walimwita Cherehani kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda kasi. Mhazili yule alichapa barua nzima bila kutupa jicho kwenye kibodi. Asubuhi ile, saa tano na nusu, alifungua tovuti ya hospitali kumwombea mama yake nafasi ya kusafishwa damu kesho yake. Maombi yangefungwa saa sita kamili. Akajaza jina, namba ya faili na tarehe, akabonyeza.

Yakatokea maandishi mekundu: "Tumegundua matumizi yasiyo ya binadamu. Jaribu tena baada ya saa ishirini na nne."

Akajaribu kwa simu. Huko akaambiwa achague picha zenye ngazi. Akachagua. Zikaja nyingine, na nyingine, kisha maneno yaleyale. Mwezi uliopita mama aliruka siku moja tu, miguu ikavimba, akashinda ameketi kitandani akitweta.

Akampigia nyumbani.

"Nipo tu, mwanangu. Kifua kinabana kidogo."

Kidogo! Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Akisema kidogo, ujue maji yamefika shingoni.

Mhazili hakumuaga hata bosi. Alivua viatu vyake vya visigino, akatoka mbio navyo mkononi hadi hospitali, mitaa mitatu mbele.

"Dada, niandikie mama yangu," alimwambia muuguzi wa dirishani. "Tovuti imenikataa, inasema mimi ni roboti."

"Orodha inatoka kwenye mfumo, dada yangu. Mimi siandiki mtu."

"Hebu nitazame! Roboti analia?" Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika nne. "Kifua kimeanza kumbana."

Muuguzi akaacha kupekua karatasi zake. "Kimeanza lini?"

"Leo."

"Basi huyo si wa kesho. Mlete sasa hivi." Akanyanyua simu kumwita daktari wa zamu, kisha akashusha sauti. "Wewe ni wa sita kukataliwa tangu asubuhi. Wale wengine walipiga simu tu, nikawaambia wangoje."

Saa nane mama alikuwa kwenye kiti, mirija mkononi, mashine ikinguruma taratibu. Pumzi ilikuwa imeanza kumrudia.

"Mbona umekunja uso, mwanangu? Si tumeshapata?"

Mhazili alikuwa akiwawaza wale watano walioambiwa wangoje, na Jumatatu, siku ya mama kusafishwa tena, atakapolazimika kuifungua tena tovuti ileile.